Unataka mbwa wa kwanza? Soma hii kabla hujatuma dipoziti

Simu iliingia Ijumaa jioni, ile saa dawati letu la huduma kwa wateja huwa moto kwa sababu nusu ya nchi inatuma pesa nyumbani. Aliyepiga alikuwa mama mmoja wa Kitengela. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, nimetuma pesa ya mbwa, na mbwa hajafika."

Hadithi yake tunaisimulia hapa kwa ruhusa yake, bila jina. Binti yake wa Gredi ya 4 alikuwa amemsumbua mwaka mzima ati anataka mbwa. Mama naye alikuwa na sababu yake: kwenye mtaa wao wezi walikuwa wameanza kuruka ua, leo mtungi wa gesi, kesho nguo kwenye kamba. Basi akaingia mtandaoni, akaona picha ya mtoto wa mbwa mweupe aina ya Japanese Spitz, shilingi 12,000. Muuzaji alisema yuko Nakuru na kwamba kuna mtu mwingine anamtaka mbwa huyo huyo, kwa hivyo atume dipoziti ya 4,000 ashikiliwe. Akatuma. Kesho yake ikaja 2,500 ya kreti ya safari. Halafu 1,800 ya chanjo na cheti. Halafu 3,200 ya bima ya njiani, ambayo ati angerudishiwa mbwa akifika. Alipoitishwa 2,000 nyingine ya "kibali cha barabarani" ndipo akashtuka. Wakati huo alikuwa ametuma shilingi 11,500, na binti alikuwa ameshaandaa boksi lenye blanketi kuukuu kando ya kitanda chake.

Tuliangalia. Kila mara pesa zilipoingia upande ule zilitolewa baada ya dakika chache. Hakukuwa na kitu cha kurudisha. Tulipomwambia, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Sasa huyu mtoto nitamwambia nini?" Mwenzetu aliyekuwa kwenye simu hakuwa na jibu la hilo.

Makala hii imetokana na simu hiyo, na nyingine zinazofanana nayo. Tutaanza na pesa kwa sababu hiyo ndiyo kazi yetu, lakini tutaenda mpaka kwa mbwa mwenyewe, maana tumegundua watu wengi wanaotapeliwa walikuwa hawajajua hata mbwa wanayemtaka ni wa namna gani. Mtu asiyejua anachonunua ni rahisi kuuziwa picha.

Huu mchezo unachezwaje

Utapeli wa mbwa hauna ujanja mkubwa. Una hatua tatu. Kwanza ni picha nzuri yenye bei ya chini kidogo kuliko ya wengine, si ya chini sana hadi ikushtue. Pili ni haraka: kuna mtu mwingine, gari linaondoka saa nane, mama yake mbwa ameuzwa. Tatu ni zile pesa ndogo ndogo. Kila kiasi kinaonekana kidogo ukikilinganisha na ulichokwisha kutuma, na ukikataa unaogopa kupoteza vyote. Yule mama alituambia wazi kwamba 3,200 ya mwisho aliituma akiwa tayari ana shaka. Alikuwa anaokoa zile 8,300 za mwanzo.

Kuna jambo moja lililokuwa limejionyesha mbele ya macho yake. Unapotuma pesa, kabla hujaweka PIN, jina la mpokeaji hutokea kwenye skrini. Malipo yake manne yalikwenda kwa majina matatu tofauti. Muuzaji alisema moja ni la mke wake na lingine ni la daktari wa mifugo. Majina yakibadilika hivyo, simamisha kila kitu. Daktari halisi ana till au paybill yenye jina la kliniki yake, na wewe ndiwe unayemlipa, baada ya kumwona.

Watu hutuuliza kwa nini hatuwezi "kurudisha tu." Ukituma kwa nambari isiyofaa kwa makosa na ukaripoti papo hapo, mara nyingi pesa bado ziko kwenye akaunti ya mpokeaji na zinaweza kuzuiwa wakati ombi lako linaangaliwa. Lakini laini ya tapeli haikai na pesa. Zikiingia, zinatoka kwa ajenti au zinarushwa kwa laini nyingine. Ndiyo maana tunasema ripoti dakika ile ile, hata kama unaona aibu, hata kama bado unatumaini mbwa atakuja. Hifadhi ujumbe wote wa malipo na mazungumzo, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe na upewe nambari ya OB. Bila hiyo, hata laini ikijulikana, hakuna faili la kuifuata.

Sisi tunapata ada kila unapotuma pesa, kwa hivyo haya tunayoyasema si ya kutupatia faida: usitume hata shilingi kumi kwa ajili ya mbwa ambaye hujamwona kwa macho. Akiwa mbali, safiri, au tuma ndugu aliye karibu. Ukishindwa kabisa, omba simu ya video uone mbwa akiwa na mama yake, na umwombe muuzaji ashike karatasi yenye tarehe ya leo kando ya mbwa. Mwenye mbwa atacheka na kufanya. Asiye na mbwa ataanza kueleza kwamba kamera imeharibika. Hata hivyo simu ya video ni ya kukusaidia kuamua kama safari ina maana tu. Pesa zinatoka ukiwa umesimama kwenye boma lake, mchana, na mtu wa kukusindikiza.

Ukifika, mama yake yuko wapi?

Swali la kwanza ukifika kwa muuzaji ni kumwona mama wa hao watoto. Ukimwona utajua mambo mengi bila kuambiwa: kama ni mkali au mpole, kama amekonda, kama watoto wanalala kwenye mavi. Ukiambiwa mama yuko shamba, yuko kwa mjomba, ameuzwa, rudi nyumbani.

Mtoto wa mbwa hatakiwi kuachana na mama na ndugu zake kabla ya wiki 8. Wale wanaouzwa kando ya barabara kwenye msongamano, wakiwa wamebebwa mkononi wawili wawili, mara nyingi ni wadogo kuliko hapo, na chanjo hujui. Unamwonea huruma, unashusha kioo, unanunua. Sasa sikiliza kinachoweza kutokea. Kuna ugonjwa wa virusi unaoitwa parvo. Mbwa akiupata hakai mgonjwa siku ile ile. Kwa kawaida dalili huanza baada ya siku 3 hadi 7. Kwa hivyo unamnunua Jumamosi akiwa mchangamfu, Jumatano anaacha kula, anatapika, anaharisha damu yenye harufu kali. Mtoto wa mbwa asiyetibiwa anaweza kufa kwa siku chache. Na matibabu yenyewe ni dripu na kulazwa, bili ambayo hukuipigia hesabu.

Halafu virusi hivyo vinabaki kwenye udongo wa uwanja wako kwa miezi mingi. Tumesikia watu wakisema "kwangu mbwa hawaishi," kana kwamba ni laana. Si laana, ni parvo. Kama mbwa alifia kwako hivyo, sakafu na bakuli zisafishwe kwanza na sabuni kuondoa uchafu, halafu jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo 30 vya maji, iachwe ikae dakika kumi. Udongo wenyewe ni vigumu kuusafisha. Subiri, na mbwa anayefuata awe amemaliza chanjo kabla hajaingia.

Wale wa makazini

Baada ya kupoteza pesa, mama wa Kitengela hakuwa na 12,000 nyingine. Jirani ndiye aliyemwambia kuna mahali mbwa waliookolewa wanatunzwa na kutafutiwa nyumba. Yeye alijua kuhusu wale waliookotwa mtaani kwa jina moja tu: mbwa koko. Hakuwa na hamu nao.

Hapa Nairobi, shirika linalojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni KSPCA, lenye makao yake Karen. Yapo na mengine madogo, na watu binafsi wanaookoa mbwa na kuwatunza nyumbani mwao. Kwa kawaida unalipa ada fulani unapochukua mbwa. Usiione kama bei ya kumnunua. Inasaidia kulipia chanjo, dawa ya minyoo na upasuaji wa kumzuia kuzaa, mambo ambayo ungeyalipia mwenyewe kwa daktari na pengine kwa zaidi. Uliza mapema ada hiyo inajumuisha nini, na ulipe kwa akaunti iliyo kwa jina la shirika. Matapeli siku hizi nao wanajiita waokoaji. Shirika la kweli halitakutumia mbwa kwa basi la usiku baada ya kupokea pesa kwenye laini ya mtu.

Kitu kingine: watakuuliza maswali. Unakaa kwako au umepanga? Mwenye nyumba amekubali? Ua wako una mapengo? Nani anabaki nyumbani mchana? Ulishawahi kufuga, na yule wa zamani yuko wapi? Mama yetu alikasirika. "Nikanunue ng'ombe sokoni hakuna anayeniuliza mambo ya nyumba yangu," alituambia. Baadaye akaelezwa kwamba mbwa wengi pale walikuwa wameshawahi kuwa na nyumba, na nyumba zile ndizo zilizowatupa: mwenyewe alihama, landilodi alikataa, mtoto alichoka naye, alikua mkubwa kuliko walivyodhani.

Hilo la landilodi lisikupite. Kama umepanga, pata ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe wa simu. Keateka akikwambia "hakuna shida," hilo si la kutegemea, keateka hubadilishwa. Na uongee na majirani wa pande zote. Ukiwa Mombasa, Lamu au popote jirani zako ni Waislamu, fahamu kwamba wengi wao huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na ikimgusa nguo mtu anayeenda kuswali inabidi ajitoharishe. Si kwamba hawapendi wanyama. Ni wewe kuhakikisha mbwa wako haruki kwenye kibaraza cha mtu.

Alichokuwa amekwenda kutafuta ni mtoto wa mbwa. Alichotoka nacho ni jike la rangi ya kahawia, umri kama miaka miwili, sikio moja limelala, lililookotwa kwenye mjengo. Tulipomuuliza kwa nini, alisema yule mbwa alimtazama binti yake halafu akaketi, wakati wengine wote walikuwa wakirukia waya. Pengine ni sababu nzuri kuliko nyingi. Mbwa mzima unamwona jinsi alivyo: ukubwa wake umefika mwisho, tabia yake imejulikana, meno yake hayatafuni tena viatu vyako vya kanisani. Papi ni bahati nasibu, na ni kazi ya mchana na usiku kwa miezi.

Aina gani, sasa?

Tukiulizwa na wateja kuhusu aina, wengi hutaja tatu: German Shepherd, Rottweiler, na hiyo Spitz nyeupe. Tuseme ukweli kidogo kwa kila mmoja.

German Shepherd ni mbwa mwerevu, anafundishika, na dume hufikia kilo 30 hadi 40. Ni mbwa aliyetengenezwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kazi ya kuchunga kondoo, siku nzima akitembea. Ukimfunga kwenye kibanda cha futi nne kwa nne kutoka asubuhi hadi usiku, werevu wake wote utaenda kwenye kubweka na kuchimba. Pia uzao wake unajulikana kwa matatizo ya nyonga, ambayo mtoto hurithi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutaka kuwaona wazazi wakitembea. Muuzaji akikwambia mbwa wake ni "pyua," omba karatasi. Mbwa wa asili halisi nchini husajiliwa na East Africa Kennel Club, na karatasi ya hapo inaonyesha wazazi. Hakuna karatasi? Sawa, anaweza kuwa mbwa mzuri tu, lakini usilipe bei ya karatasi.

Rottweiler ni mzito zaidi. Dume anaweza kupita kilo 50. Mbwa wa uzito huo akimvuta mtoto wa miaka tisa, mtoto ndiye anayekwenda. Anahitaji mtu mzima mwenye muda wa kumfundisha tangu mdogo, na kama hujawahi kufuga, huyu hapaswi kuwa wa kwanza. Hayo ni maoni yetu, na wapo wenzetu ofisini wanaopinga.

Spitz ni mdogo, mchangamfu, hukaa vizuri kwenye nyumba ndogo na huwa mwepesi wa kubweka mtu akigonga geti. Manyoya yake yanataka kuchanwa, na ukimlaza nje kwenye tope la Kitengela hatakaa mweupe. Wale wenye pua fupi zilizobonyea, kama pug na bulldog, hupata shida ya kupumua kwenye joto. Ukiwa Mombasa au Kisumu fikiria mara mbili. Husky, mbwa wa theluji, tusimzungumzie.

Halafu yupo mbwa wetu wa kienyeji, ambaye watu humpita bila kumwangalia. Mwili wa kadiri, manyoya mafupi yasiyotaka kazi, macho kwenye kila kinachosogea. Hatokani na wazazi waliochaguliwa kwa sura moja vizazi hadi vizazi, kwa hivyo yale magonjwa ya kurithi ya aina fulani hayamwandami sana. Si kwamba haugui; kupe wanamuuma kama wengine, na parvo na kichaa havichagui. Lakini kama shida yako ni mtu wa kukuamsha mwizi akiruka ua, tofauti kati yake na mbwa wa elfu sitini utaiona kwenye mfuko zaidi kuliko kwenye geti.

Bili ambazo haziko kwenye tangazo

Bei ya kumpata mbwa ndiyo ndogo. Baada ya hapo kuna chanjo. Mtoto wa mbwa huanza chanjo ya magonjwa kama parvo na distempa akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16 hivi. Chanjo moja peke yake haitoshi, na hapa ndipo watu wanapopoteza mbwa: walilipia ya kwanza, wakaona kadi ina stika, wakatulia. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka au kama daktari atakavyokuandikia.

Hiyo ya kichaa tunaomba usiicheleweshe kwa sababu yoyote ya bajeti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu 59,000 hivi kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa kuumwa na mbwa. Wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba ya kutegemea. Mtu akiumwa, hata na papi wa jirani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku ile ile kwa chanjo. Usiweke pilipili, usiweke mafuta ya taa. Nchini Kenya kumchanja mbwa dhidi ya kichaa si hiari. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inahusika. Baadhi ya kaunti pia hutaka leseni ya mbwa. Nairobi ina sheria yake ya mwaka 2015 kuhusu udhibiti na ustawi wa mbwa. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti yako, na uulize pia lini wana kampeni ya chanjo ya bure. Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, huwa na shughuli kama hizo sehemu nyingi.

Anayechanja awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mwombe nambari yake bila haya. Chupa ya chanjo iliyokaa juani kwenye boda inaweza kuwa sawa na maji, na kadi itajazwa vile vile.

Kuna dawa ya minyoo, kila wiki mbili akiwa mdogo na baadaye kila miezi mitatu hivi. Kuna dawa ya kupe, ambayo watu hununua agroveti na kuipima kwa jicho. Ile dawa kali ya ng'ombe ikikosewa kipimo huua mbwa. Soma kijikaratasi au lipia ushauri. Kuna chakula. Makombo ya ugali peke yake hayamtoshi. Mbwa anahitaji nyama, matumbo, omena au chakula cha dukani, na vitunguu na chokoleti asipewe kabisa. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Kama ni jike na hajafanyiwa upasuaji, atashikwa na joto mara mbili hivi kwa mwaka, madume wa mtaa mzima watalala getini kwako, na siku 63 baadaye una watoto sita wa kutafutia nyumba.

Bima, na kibubu

Watu wanatuuliza kama kuna bima ya mbwa. Ipo, lakini si kila kampuni inayo, na zilizo nayo hazitoi kitu kimoja. Nyingine hulipa mbwa akifa kwa ajali au akiibiwa, na hazigusi matibabu. Nyingine zinaangalia mbwa wa ulinzi tu. Kabla hujasaini, uliza mambo haya: inalipa bili ya daktari au kifo tu? Inaanza kufanya kazi baada ya siku ngapi? Ugonjwa aliokuwa nao kabla unahesabiwa? Mwisho wa umri ni miaka mingapi? Ni kiasi gani ninabeba mwenyewe katika kila dai? Na watataka kadi ya chanjo isiyo na pengo. Mbwa asiyechanjwa akifa kwa parvo, usitarajie hundi.

Swali ambalo wachache huuliza, na sisi tunaliona kubwa kuliko yote: je, mbwa wangu akimuuma mtu? Kushonwa, chanjo, siku za kazi zilizopotea, pengine kesi. Kama una bima ya nyumba na vyombo, piga simu uulize kama ina kipengele cha madhara kwa watu wengine na kama mbwa amo ndani. Wengine wanalipia bima hiyo miaka na hawajawahi kuuliza.

Kampuni ya bima iwe kwenye orodha ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA. Ulipe kwa paybill ya kampuni ukiweka nambari ya polisi yako. Wakala akikwambia "nitumie kwa yangu nitakulipia, ni haraka," mwambie hauna haraka.

Kama bima haikufai, tengeneza kibubu. Fungua akiba ya pembeni kwenye simu, uipe jina la mbwa, uweke shilingi 50 kila siku. Mwezi ni 1,500; mwaka ni 18,250. Usiiguse kwa ada ya shule. Tunajua utaigusa kwa ada ya shule. Irudishe.

Huko Kitengela

Mbwa alipofika nyumbani alikaa siku tatu chini ya tangi la maji. Hakubweka. Ukishika ufagio alijikunyata hadi akawa kama mpira. Mama alitupigia, safari hii si kwa sababu ya pesa, akasema anafikiri amepewa mbwa bubu na mwoga, na wezi wakija ndiye atakayekuwa wa kwanza kukimbia. Mwenzetu alimwambia kile ambacho watu wa makazi walikuwa wamemwambia tayari: mwache, weka chakula saa ile ile, mahali pale pale, mtoto akae karibu bila kumgusa.

Binti alikuwa akifanya homuwaki kando ya tangi. Siku ya nne mbwa alitoka na kulala juu ya kitabu cha hesabu. Anaitwa Chapati. Alibweka kwa mara ya kwanza wiki ya tatu, usiku wa manane, na kilichokuwa nje ni mbuzi wa jirani.

Nambari ya OB iko kwenye droo ya jikoni pamoja na kadi ya chanjo. Zile 11,500 hazijarudi. Laini ya muuzaji wa Nakuru haipatikani tena, lakini binti ameihifadhi kwenye simu ya mama yake kwa jina "Mwizi wa Papi," na kila Jumamosi huipigia mara moja, kisha huenda kumlisha Chapati.